Mama wa Nani?

Somo: 1 Samweli 1:1-18



Jumapili moja ya mwezi wa Mei tulisimama mbele ya madhabahu baada ya mahubiri, tukawaomba akina mama waliojaliwa watoto wasimame, ili usharika umshukuru Mungu kwa ajili yao. Wakasimama wengi, wengine wamebeba watoto mgongoni, wengine wazee wanaoegemea fimbo, na kanisa likajaa vigelegele. Tukafurahi sana, tukadhani kwamba tumefanya jambo jema. Wala hatukuwatazama walioketi.

Siku ya tatu yake, jua likichwa, mama mmoja alipita kati ya migomba akafika barazani petu. Alifunga ndoa kanisani, yapata miaka kumi na mmoja sasa. Ni mwimbaji wa kwaya, na kila Jumamosi hufagia kanisa pamoja na wenzake. Naye hajazaa. Tukamwambia, "Karibu, Mama, keti." Akaketi, akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Baba Mchungaji, waniita mama. Mama wa nani?"

Tukakosa la kujibu. Naye akaendelea: "Jumapili uliwasimamisha akina mama, nami nalikaa kitako kama mgeni. Nyumbani mama mkwe husema nimekula mahari ya watu bure. Wifi zangu hawanitaji kwa jina. Husema, yule wetu asiye na kitu. Hayo nimeyazoea. Lakini siku ile nilikuwa ndani ya nyumba ya Mungu, nikajiuliza kama hata hapa mimi si mwanamke. Nimekuja unijibu."

Sisi wachungaji tunayo majibu mengi yaliyo tayari, kama mwenye duka alivyo na chumvi. Ulimi ukatuwasha kumtajia Sara, na Raheli, na Hana, na Elisabeti, na kumwambia asubiri, zamu yake yaja. Lakini tulipomtazama tuliona kwamba majibu hayo ameyasikia mara nyingi, tena pengine kwetu sisi wenyewe. Tukamwomba atupe siku za kulitafakari neno lake. Haya tuyaandikayo ndiyo tuliyoyapata, nasi twayaandika kwa ruhusa yake. Jina lake na mtaa wake hatuutaji.

Na tumtazame Hana. Walimu wetu wa mitaa humhubiri mara kwa mara, nasi tumemhubiri, na karibu sote hupiga mbio mpaka mstari wa 20, pale Samweli anapozaliwa. Tukiisha kufika hapo hupumua, tukafunga Biblia. Mwezi huu tumelikata somo kusudi kwenye mstari wa 18, maana hapo pana jambo kubwa, nasi huliruka.

Elkana alikuwa na wake wawili. Penina alikuwa na watoto, na Hana hakuwa nao. Kila mwaka jamaa ile walikwea kwenda Shilo kumwabudu Bwana, na kila mwaka, penye karamu ya sadaka, Penina alimchokoza mwenzake mpaka akalia, asiweze kula. Angalieni mahali penyewe. Si kisimani wala sokoni, ni penye ibada. Uchungu wa Hana ulizidi kila alipofika mbele ya Mungu, kwa sababu hapo ndipo mafungu ya nyama yaligawanywa, huyu na wanawe wote, na huyu peke yake. Tuliposoma hayo tuliikumbuka Jumapili yetu ya Mei, tukaona haya.

Elkana alimpenda Hana. Twamsifu kwa hilo, maana hakumfukuza wala hakumlaumu. Hata hivyo, alipomwuliza kama yeye mumewe si bora kwake kuliko wana kumi, hatusomi kwamba Hana alifarijika. Elkana alitaka kulifunga jeraha kabla ya kulitazama. Wako waume wema wa namna hiyo katika sharika zetu: humpenda mke kwa kweli, lakini hawawezi kuvumilia kumwona akilia, kwa kuwa hudhani machozi yake ni lawama juu yao.

Kisha kuna Eli, kuhani. Huyu ni mwenzetu wa kazi. Ameketi kitini pake mlangoni mwa hekalu, akamwona mwanamke akitikisa midomo bila sauti, akamdhania kuwa amelewa. Mzee wa miaka mingi katika utumishi alishindwa kupambanua maombi na ulevi! Hana akamjibu kwa adabu, lakini hakukubali. Akamweleza kwamba hakunywa kileo chochote, bali alikuwa akimtolea Mungu uchungu wake wote. Na Eli, tumshukuru Mungu kwa ajili yake, aligeuza neno lake hapo hapo, akambariki. Basi mchungaji aweza kukosa, akasahihishwa na mwanamke anayelia, wala utumishi wake usipungue kwa hilo.

Sasa fikeni mstari wa 18. Hana akaondoka, akala, na huzuni ikamtoka usoni. Ni lini hayo? Samweli hajazaliwa. Mimba haijatungwa. Eli hakumpa ishara yoyote ya kushika mkononi. Hana bado ni tasa kama alivyokuwa asubuhi, na Penina bado anamngoja mezani. Alichokipata ni hiki tu, kwamba amejieleza mbele ya Mungu, na Mungu hakumgeuzia kisogo. Mtoto alikuja baadaye, naye alikuwa zawadi; lakini Hana alisimama wima kabla ya zawadi ile. Tukihubiri kwamba faraja yake yote ilikuwa Samweli, tutawaambia nini wanawake wa imani ile ile, waliofunga na kuomba kama yeye, na Samweli wao hakuja?

Lakini swali la mama yule lilikuwa juu ya jina. Aliuliza kama yeye ni mwanamke. Basi imetupasa kwenda mpaka mahali jina hilo lilipotolewa, yaani kitabu cha Mwanzo. Katika mlango wa 1, mstari wa 27, Mungu amwumba mtu kwa mfano wake, mume na mke. Na katika mstari wa 28, wakiisha kuumbwa, awabariki na kunena habari ya kuzaa. Tena katika mlango wa 2, mstari wa 23, Adamu amwona aliyeletwa kwake, na hapo aitwa mwanamke. Siku hiyo hapakuwa na mtoto duniani, wala mimba, wala kaburi. Jina la Hawa, lililo la mama wa wote walio hai, twalisoma katika mlango wa 3, mstari wa 20, baada ya anguko. Majina ni mawili, na la kwanza halikulisubiri la pili. Mwanamke alikuwa mwanamke kamili kabla dunia haijasikia kilio cha mtoto mchanga.

Hatusemi haya ili kuidharau baraka ya uzazi. Nasi tuna watoto, twajua furaha yake, tena hatuwezi kumwambia mtu kwamba alichokikosa ni kidogo. Mama yule amekosa kitu kikubwa, na anayo haki ya kulia. Twasema tu kwamba baraka si kipimo cha kumpimia mtu.

Walimu wanaofundisha kipaimara wataliona jambo hili katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529. Dkt. Martin Luther alipoieleza Sehemu ya Kwanza ya Imani alivihesabu vipawa vya Muumba, akaanza na mwili na roho, akaendelea mpaka mavazi, nyumba, mke na watoto, mashamba na mifugo. Watoto wamo katika hesabu hiyo pamoja na vingine. Kisha akaongeza kwamba Mungu atoa vyote kwa wema wake wa kibaba, si kwa kustahili kwetu. Watoto wa kipaimara hulikariri neno hilo bila kusitasita. Lakini wazazi wao hawajalisikia! Maana kama aliyezaa hakuzaa kwa kustahili, je, asiyezaa amekosa kwa kutostahili? Anayesema hivyo ameiacha Injili mlangoni akaingia ndani na mizani ya matendo. Amempa mwanamke sheria ya kumpatia haki, na sheria yenyewe haimo katika uwezo wake kuitimiza.

Najua kuna mwalimu atakayetuletea 1 Timotheo 2:15, ambapo Mtume ataja wokovu wa mwanamke pamoja na uzazi. Ni neno gumu, na wafafanuzi wamelisumbukia tangu zamani. Walakini mtume aliyeandika mahali pote kwamba twaokolewa kwa imani katika Kristo hakuweka mwokozi wa pili ndani ya tumbo la mwanamke. Tena ni yeye aliyewasifu wasioolewa katika 1 Wakorintho 7. Neno lisilo wazi na lifuate lililo wazi. Na lililo wazi ni kama lile la Luka 11:27-28: mwanamke mmoja katika mkutano alilisifu tumbo lililomzaa Bwana wetu, naye Bwana akasema kwamba heri zaidi ni kulisikia neno la Mungu na kulishika. Kama heri ya Mariamu mwenyewe haikuishia tumboni mwake, ya nani itaishia huko?

Nasi tuna masista wa Ushirika wa Neema huko Moshi, ushirika ulioanza mwaka 1980. Hawakuolewa wala hawakuzaa. Ni nani aliyewahi kuwauliza kama wao ni wanawake? Twawaheshimu, tukawaita masista, tukawapa kiti. Lakini dada yao aliyeolewa, ambaye hakuchagua hali yake, twamwuliza kila siku, kwa maneno au kwa kumtazama kiuno.

Wengine humfariji kwa mithali, kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Ni neno jema, ila mara nyingi hulisema wenye watoto. Mama yule alituambia kwamba amelea watatu wa wifi yake, akawapeleka shule, akawauguza. Walipoanza kazi, mshahara wa kwanza walimnunulia kitenge mama yao aliyewazaa. "Si vibaya," akasema, "ni mama yao. Lakini siku ile nililala mapema." Basi tusiigeuze kazi ya kulea kuwa kodi anayotozwa mgumba ili ahesabiwe mtu. Akitaka kulea, na alee kwa upendo, nasi tumshukuru. Asipotaka, hana deni kwetu. Yeye alibatizwa. Siku ile alitajwa kwa jina lake mwenyewe juu ya maji, wala mchungaji hakusema ni mama wa fulani. Isaya naye, mlango wa 56, aliwapelekea matowashi ahadi ya Mungu ya kuwapa jina ndani ya nyumba yake, lililo bora kuliko la wana na binti. Watu hao walijiona kuwa mti mkavu. Bwana akawakataza kujiita hivyo.

Sasa tushuke nyumbani, maana mambo haya hayaishi kitabuni. Asiye na mtoto huogopa zaidi siku mumewe atakapokufa. Kihamba atakidai nani? Ndugu wa mume watakuja na matanga, watakaa, na tanga likiisha mmoja wao ataanza kuihesabu mibuni. Sheria ya mila iliyoandikwa mwaka 1963, kwa jamii zifuatazo ukoo wa baba, yasema kwamba mjane hana fungu la urithi kama mume ameacha jamaa wa ukoo wake, ila atunzwe na watoto wake. Aliyeiandika hakumfikiria Hana. Kwa hiyo twawasihi waume Wakristo waandike wosia wakiwa na afya, mbele ya mashahidi, wala wasiuone kuwa ni kualika mauti. Na wale wanaodhani kwamba utasa ni sababu ya kuiacha ndoa, wajue kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haikuutaja miongoni mwa mambo iliyoyataja kuwa dalili za ndoa kuvunjika, na kwamba ndoa ya Wakristo wawili iliyofungwa kanisani haiwezi kugeuzwa kuwa ya wake wengi maadamu wote wawili wadumu katika Ukristo.

Tena kuna jambo la hospitali, nasi tutalisema bila kuficha. Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza mwaka 2023 kwamba mtu mmoja hivi katika kila sita hupatwa na shida hii katika maisha yake. Waganga wa hospitali hueleza sababu zake. Kwa mwanamke mirija ya uzazi yaweza kuziba, pengine kwa kisonono au klamidia isiyotibiwa, pengine kwa maambukizo baada ya mimba kuharibika. Kwa mwanamume mbegu huwa chache au dhaifu. Upande wa mume una sehemu yake katika karibu nusu ya shida hizi zote. Lakini ni nani huenda kupimwa? Mke huenda peke yake, mwaka baada ya mwaka, akirudi na vyeti kwenye mkoba, na mume akaketi nyumbani akiwa amejihesabia haki pasipo kipimo! Tunajua wanawake waliobeba aibu hii muda mrefu, na shida haikuwa yao. Tena tunajua Wakristo, na baadhi yao hushiriki Meza ya Bwana, waendao usiku kwa mwaguzi, na wengine mchana kwa watu wajiitao manabii, wanaouza mafuta na maji ya upako kwa ahadi ya mtoto. Hatuwacheki. Mtu anayezama hushika hata jani. Lakini wauzao majani hayo watajibu mbele ya Mungu.

Tulipokwisha kuyafikiri hayo tuliona kwamba hatuwezi kumpelekea mama yule mafundisho peke yake, kwa kuwa sisi ndio tuliomketisha. Katika Kilimanjaro mtu akiomba msamaha hupeleka jani la isale, nasi tulichuma moja kwenye mpaka wa kihamba chetu, tukaenda kwake pamoja na mke wetu. Alilipokea kwa mikono miwili. Hakusema neno kwa muda, kisha akatuletea chai, na mke wetu akamsaidia kuosha vikombe. Tulipomsomea kitabu cha Mwanzo kama tulivyoeleza hapa, aliomba tuirudie ile mistari ya mlango wa 2. Tukairudia. Akauliza kama ndivyo ilivyoandikwa hata katika Biblia yake. Akaenda kuileta chumbani, akaisoma mwenyewe kwa kidole.

Wazee wa usharika wamekutana, na haya wameyakubali. Siku ya akina mama wanawake wote watasimama, au hapana atakayesimama. Katika ibada ya ndoa hatutaomba watoto tu kana kwamba ndiyo shabaha ya pekee ya agano lile. Tutawaombea maarusi wapendane hata kama Mungu hakuwapa. Umoja wa akina mama hautamwita mtu yeyote kwa kasoro yake. Mzee mmoja alipinga, akasema tunaharibu desturi. Tulimsikiliza, maana ni mtu mwema, naye alituuliza kama ukoo usio na wajukuu utakumbukwa na nani. Ni swali la kweli. Tutalirudia siku nyingine, Bwana akipenda.

Shauri la nyumbani kwa mama yule halijakwisha. Mume alikubali kwenda kupimwa, kisha akasita. Ukoo wake wamepanga kukutana Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, na baadhi yao wamekwisha kutaja mke mwingine. Tutakwenda sisi na wazee wawili. Yeye ameomba jambo moja tu, kwamba siku hiyo aketi barazani pamoja na watu, wala asingoje jikoni.